Kuondoa spoti rimu na kuweka rimu za spoku kwa spea za mtumba: nianze kununua kipi?

Mteremko wa Lupingu

Wakuu, heshima kwenu. Ninaendesha pikipiki ya cc 150 wilayani Ludewa, mkoani Njombe, na kazi yangu kubwa ni kubeba abiria na mizigo kati ya Ludewa mjini na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Anayeijua njia ya kushuka Lupingu hahitaji maelezo marefu: ni mteremko wenye kona kali, mawe yaliyochomoza na makorongo yanayochimbika upya kila masika. Pikipiki ilikuja na spoti rimu (rimu za kumiminwa zisizo na spoku), mbele ikiwa na breki ya diski na nyuma breki ya ngoma. Nilipogonga jiwe nikiwa na mzigo, rimu ya mbele ilipasuka ukingoni, na fundi aliyekuwa karibu akashauri tuichomelee. Sikukubali, nikanunua rimu nyingine ya mtumba ya aina ileile ili kazi isisimame, lakini nimeamua kuhamia kwenye rimu za spoku (zile zinazoshikwa na nyaya nyembamba), mbele na nyuma.

Magurudumu mapya ya spoku yaliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki yangu sijayapata popote, kwa hiyo nategemea spea za mtumba zitokazo kwenye pikipiki zilizokatwa, ambazo wauzaji wa Makambako na wa Mwanjelwa pale Mbeya wanazo kwa wingi. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue kwanza rimu mbili nzuri za inchi 17, halafu habu (kitovu cha gurudumu) na spoku tutafute taratibu. Naomba kujua kama mpangilio huo ni sahihi, kama inafaa kuweka habu ya breki ya ngoma mbele ili kupunguza gharama, na ni vipimo gani nivichukue kabla sijatoa fedha yangu. Pia nauliza kama spoku za zamani zinaweza kutumika tena, kwa sababu magurudumu mengi niliyoyaona yanauzwa na spoku zake.

Fundi Ekseli

Ndugu yangu, ulifanya vyema kukataa kuchomelea. Spoti rimu ni alminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu na kisha kuimarishwa kwa joto kiwandani. Moto wa kuchomelea huiondolea ile nguvu sehemu yote inayozunguka ufa, na kwa mteremko unaouelezea, rimu ya namna hiyo si ya kubebea mtu.

Kuhusu mpangilio wa manunuzi, muuzaji anakupeleka kinyume. Rimu ndiyo iwe ya mwisho kuamuliwa, na habu ndiyo ya kwanza. Sababu yake ni kwamba habu hufungwa na vitu visivyoweza kusogezwa: mbele inafungwa na kalipa ya breki (kifaa kinachoibana diski) iliyoshikamana na shokapu, na nyuma inafungwa na mstari wa cheni. Diski isipopita katikati ya kalipa, au sproketi (gia ya cheni) ya nyuma isipokuwa kwenye mstari mmoja na ya mbele, hakuna rimu itakayokuokoa. Rimu yenyewe haina masharti ya namna hiyo, kwa sababu spoku zinaweza kuivuta kushoto au kulia kwa milimita kadhaa hadi ikae katikati ya pikipiki. Kwa hiyo weka habu mahali ambapo breki na cheni zinataka, kisha uvute rimu iifuate pikipiki. Mtu akilishika hilo, kazi iliyobaki ni ya subira tu.

Habu ya ngoma mbele sikushauri. Ngoma ina sahani inayobeba shuu za breki, na sahani hiyo lazima izuiwe isizunguke. Kwenye pikipiki zilizozaliwa na ngoma, mguu wa shokapu una nundu maalumu inayoingia kwenye mfereji wa sahani. Shokapu zako za diski hazina nundu hiyo, na sehemu yake ya chini ni alminiamu, kwa hiyo usimruhusu mtu akuchomelee kipande cha chuma hapo wala akufungie klempu ya kubahatisha. Siku kizuizi kitakapoachia, sahani itazunguka pamoja na gurudumu, itasokota waya wa breki, na gurudumu la mbele linaweza kujifunga ghafla. Zaidi ya hapo, kwa mteremko mrefu ngoma hupata moto na kupoteza nguvu mapema kuliko diski. Breki ya mbele ni uhai wako, ibakize diski.

Basi tafuta habu ya spoku yenye diski. Hizi hutoka kwenye pikipiki za njia mbovu, kwa mfano Yamaha XTZ 125 au Honda XR125L, ambazo zina spoku na diski mbele. Nyuma ni rahisi zaidi, kwa sababu habu za ngoma za familia ya Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na baadaye kunakiliwa na viwanda vingi vya China, zimejaa kila mahali, na vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Ukiwa kwa muuzaji, omba habu ikiwa na kila kitu chake: ekseli, kola za pande zote mbili (vibomba vya nje vya ekseli), sahani ya breki, kibebeo cha sproketi, raba zinazopokea mishtuko ya cheni, na kwa mbele ile gia ya waya wa spidomita. Kola moja iliyopotea inaweza kukugharimu safari nzima ya kwenda kwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Ikague habu kwenye matundu ya spoku, kwa sababu nyufa huanzia hapo na hukimbilia tundu la jirani. Kwa ngoma, soma kipimo cha mwisho kilichoandikwa ndani au kwenye ukingo wake; ngoma ya mm 130 kwa kawaida huruhusiwa kulika hadi mm 131, na ikizidi hapo shuu hazishiki sawasawa hata zikiwa mpya.

Mama wa Mizigo Makambako

Namuunga mkono Fundi Ekseli kuhusu habu, ila nina njia nyingine ya kumpendekezea mwenye swali. Badala ya kuhangaika kuifananisha habu ngeni na shokapu zako, unaweza kununua mbele yote kutoka kwenye pikipiki moja ya njia mbovu: shokapu, meza zake (vishikio vinavyozifunga kwenye shingo ya fremu), gurudumu, diski na kalipa. Breki na gurudumu zinakuwa zimeshapatana kiwandani, na shokapu za namna hiyo zina mwendo mrefu zaidi wa kushuka na kupanda.

Fundi Ekseli

Mama, njia hiyo ipo na nimeiona ikifanyika, lakini kwa huyu mwenzetu nina wasiwasi nayo. XTZ 125 ina gurudumu la mbele la inchi 21 na XR125L la inchi 19, na shokapu zake ni ndefu kuliko za pikipiki ya kawaida. Ukizifunga kwenye fremu iliyokusudiwa inchi 17, pua ya pikipiki inanyanyuka, pembe ya usukani inalala, na pikipiki inakuwa nzito kukata kona kali, hasa ikiwa na mzigo nyuma. Kwenye njia ya Lupingu sipendi kona ibadilike tabia. Tena meza za shokapu hizo zinaweza kuwa na shingo isiyolingana na fremu yake, na hapo gharama inaongezeka. Afadhali achukue habu peke yake kutoka humo, kisha aifungie rimu ya inchi 17.

Mteremko wa Lupingu

Nawashukuru sana, na Mama nakushukuru kwa wazo lako, ingawa maelezo ya Fundi kuhusu kona yamenishawishi. Nimekwenda Makambako. Nimepata habu ya mbele ya spoku yenye diski, matundu 36, haina ufa, ila beringi zake zimeandikwa 6201 na ekseli yangu ni ya mm 15. Habu ya nyuma ni ya ngoma ya mm 130, matundu 36, beringi zake 6302, na ekseli yangu ya nyuma, ambayo ni mm 15, imepita vizuri. Je, ile ya mbele niiache, au fundi wa kukereza vyuma anaweza kuipanua?

Muuza Beringi

Usiiache, na wala usiipanue. Habu ikishatanuliwa kwa mashine na kukosewa hata kidogo, beringi itazunguka ndani ya makao yake na habu itakuwa imekwisha.

Namba za beringi zinakueleza kila kitu. Tarakimu mbili za mwisho ni tundu la ekseli: 01 ni mm 12, 02 ni mm 15, 03 ni mm 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5, kwa hiyo 04 ni mm 20. Beringi ya 6201 ina tundu la mm 12, upana wa nje mm 32 na unene mm 10. Ipo nyingine, 6002, yenye tundu la mm 15, upana wa nje mm 32 uleule, na unene mm 9. Itaingia kwenye habu yako bila kuikereza na ekseli yako ya mm 15 itapita. Wenye habu za 6202 wanaohitaji ekseli ya mm 17 hutumia 6003 kwa mtindo huohuo.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mafundi wengi huyaruka. Kati ya beringi mbili, ndani ya habu, kuna bomba fupi linalozitenganisha. Bomba ulilonalo lina tundu la mm 12, kwa hiyo ekseli yako haitapita. Kakerezewe jingine lenye tundu la mm 15, kipenyo chake cha nje kisizidi mm 20 ili liegemee pete ya ndani ya beringi tu, na urefu wake uwe sawa kabisa na wa lile la zamani. Hapa ndipo habu nyingi zilizobadilishwa huharibika: bomba likiwa fupi, ukikaza nati ya ekseli unazibana beringi kwa ubavu, zinapata moto na kufa mapema, nawe utalaumu ubora wa beringi wakati kosa ni la bomba. Jambo la pili, kwa kuwa 6002 ni nyembamba kwa mm 1, kola ya nje ya kila upande iongezwe mm 1, la sivyo gurudumu litabaki na nafasi ya kucheza. Sili za vumbi nazo zibadilishwe, maana mdomo wa sili ya zamani ulikuwa wa kola nyembamba zaidi.

Nikueleze pia kwamba 6002 ina uwezo wa kubeba mzigo ulio pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na 6201. Kwa gurudumu la mbele la pikipiki ya cc 150 ninaiona inafaa, mradi ununue zenye mifuniko ya raba pande zote mbili na uzikague kila unapobadili tairi. Nyuma, ambako mzigo na mvuto wa cheni hukaa, nisingekubali mtu ashushe daraja la beringi. Bahati nzuri 6302 zako zimelingana na ekseli, kwa hiyo weka mpya za namba ileile na uendelee.

Mpanga Spoku

Naona habu zimepata ufumbuzi, nami niongee juu ya spoku, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo sehemu inayodharauliwa.

Spoku za zamani usizitumie. Spoku hukatika mahali pawili, kwenye kiwiko kinachokaa ndani ya habu na kwenye nyuzi (reza) zinazoingia kwenye nipeli, yaani nati ndogo inayokaza spoku kwenye rimu, na uchovu wa chuma katika sehemu hizo hauonekani kwa macho. Isitoshe, spoku iliyokwisha kukaa kwenye habu fulani imepinda kwa umbo la habu hiyo. Habu na rimu za mtumba zinakubalika zikikaguliwa. Spoku na nipeli nunua mpya.

Urefu wake haukisiwi, na wala huwezi kusema kwamba rimu ya inchi 17 ina spoku za urefu fulani, kwa sababu ukubwa wa habu ndio unaoamua. Pima nusu ya kipenyo cha rimu hadi pale nipeli inapokalia, iite R. Pima nusu ya kipenyo cha duara la matundu ya habu, iite r. Pima umbali wa pembeni kutoka ukingo wa habu hadi katikati ya rimu, uite w. Jumlisha R mara R, r mara r na w mara w, kisha utoe 2 mara R mara r mara kosaini ya pembe iliyopo kati ya tundu la habu na tundu la rimu, halafu tafuta kipeo cha pili cha jibu. Tuseme R ni mm 210, w ni mm 20 na pembe ni nyuzi 40. Habu kubwa ya ngoma yenye r ya mm 70 itakupa takriban mm 164, ilhali habu ndogo ya diski yenye r ya mm 45 itakupa takriban mm 179. Rimu ni ileile, lakini tofauti ni mm 15. Kutoka kwenye jibu toa kama mm 2 kwa ajili ya upana wa tundu la habu. Hata hivyo, kabla ya kununua seti nzima, jaribu kwa spoku mbili tu, moja ya ndani na moja ya nje, kwa sababu viwiko vyake havifanani na mara nyingi urefu wake pia hutofautiana. Spoku iliyo sahihi hufika kwenye mfereji wa kichwa cha nipeli bila kuchomoza. Ikichomoza itatoboa tyubu, na ikiwa fupi itashikwa na nyuzi chache ambazo zitakatika.

Jambo ambalo ningependa ulizingatie zaidi ya yote unapochagua rimu ni mwelekeo wa matundu. Kila tundu la rimu limebonyezwa kuelekea habu ambayo rimu hiyo ilikusudiwa. Rimu iliyotobolewa kwa habu kubwa ya ngoma, ukiifungia habu ndogo ya diski, nipeli zitatazama upande mmoja na spoku upande mwingine, spoku itapinda pale inapoingia kwenye nipeli, na ndipo itakapokatika ukiwa na abiria. Kwa hiyo rimu ya mbele itafute kwenye gurudumu la spoku lililokuwa na habu ndogo, na ya nyuma kwenye lililokuwa na habu ya ngoma inayokaribiana na yako. Idadi ya matundu iwe 36 kwa zote. Upana wa rimu wa inchi 1.60 unafaa kwa tairi la 2.75 mbele, na 1.85 kwa 3.00 nyuma. Ivue tairi kila rimu kabla ya kulipa; kutu mbaya hujificha ndani, kuzunguka makao ya nipeli, ambako maji hukaa, na rimu inayong'aa nje inaweza kuwa imeliwa ndani. Kisha ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikitikisika, imepinda, nayo haitanyooshwa kwa kukaza spoku.

Wakati wa kupanga, zungushia zote 36 kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa robo mzunguko, ukienda pande zote kwa usawa. Funga gurudumu kwenye shokapu zake, kalipa ikiwa mahali pake, na uhakikishe diski haigusi bano la kalipa (kishikio chake kilichofungwa kwenye shokapu). Kalipa inayoteleza huvumilia tofauti ndogo, lakini bano halisogei. Ukisharidhika na diski, funga kipande cha waya kwenye mguu wa shokapu kikaribie rimu, na uvute rimu mpaka iwe katikati. Rimu inayoyumba kwa zaidi ya mm 2, iwe kwa ubavu au kwa juu na chini, usiikubali. Mwishoni gonga kila spoku kwa spana ndogo. Za upande mmoja zinapaswa kutoa mlio unaokaribiana, na inayolia kwa uzito imelegea.

Mteremko wa Lupingu

Mpanga Spoku, maelezo haya ya mwelekeo wa matundu sijawahi kuyasikia kwa muuzaji yeyote, na rimu mbili alizokuwa akinishawishi nichukue zote zilitoka kwenye ngoma. Nitarudi na kioo. Swali langu la mwisho ni kuhusu tairi: matairi yangu ya sasa hayana tyubu. Je, nitayahamisha? Na kama rimu ya nyuma ya inchi 17 itanisumbua, naweza kuweka ya inchi 18?

Fundi Ekseli

Rimu ya spoku ya kawaida haishiki hewa, kwa sababu hewa hupenya kwenye nipeli, kwa hiyo lazima uweke tyubu pamoja na ukanda wa raba unaofunika vichwa vya nipeli. Ukanda huo usiuruke wala usiubadilishe kwa gundi ya karatasi. Tairi zako zinaweza kuvalishwa tyubu ikiwa vipimo vinakubaliana na upana wa rimu mpya, ila kama ni pana kuliko rimu, nunua nyingine. Jua pia kwamba tyubu ikitobolewa hushusha hewa haraka kuliko tairi lisilo na tyubu, hivyo beba kiraka, pampu na vyuma vya kuvulia tairi. Faida ni kwamba pancha ya tyubu huzibwa na mtu yeyote kijijini, na rimu ya spoku iliyogonga jiwe mara nyingi hupinda badala ya kupasuka, ukaweza kufika nyumbani.

Inchi 18 nyuma ningeikwepa. Kwa tairi la 3.00, mzingo unaongezeka kwa takriban asilimia 4, na ni sawa na kuipandisha gia. Wakati wa kurudi kutoka ziwani na mzigo utaona pikipiki inalemewa. Pia pima nafasi iliyopo kati ya tairi na mkono wa nyuma, kwa sababu tairi likijaa tope hutaka nafasi zaidi ya lile linaloonekana safi gereji.

Ukishafunga, usiende Lupingu siku hiyo. Endesha kwanza barabara tambarare bila abiria, ukibonyeza breki ya mbele taratibu kisha kwa nguvu zaidi, halafu urudi ugonge spoku zote tena, kwa sababu seti mpya hulegea vichwa vinapojikalia kwenye habu. Rudia ukaguzi huo baada ya kilomita 100 hivi na tena baada ya mzigo wa kwanza mzito. Shika habu ya mbele kwa kiganja baada ya kila safari ya majaribio, upande usio na diski: ikiwa ya moto, fungua ekseli upime lile bomba la ndani kabla ya kufanya jambo jingine lolote.